Pasi ya Shangazi na Shela la Mama

Jumatatu, 3 Juni

Siku mbaya. Ilianza vizuri, ndiyo maana imekuwa mbaya zaidi.

Asubuhi shangazi aliniita kwake. Anahamia kwa binti yake, kwenye nyumba yenye umeme, na hataki kuhama na vyuma. Akanipa pasi yake ya mkaa. Nzito, nyeusi, ina jogoo mdogo wa shaba juu ya mfuniko. Akanieleza jambo refu kuhusu pasi hiyo, na kwa uso wake lilikuwa jambo la maana, maana hata mkono alinishika. Nikaitikia naam, naam. Kusema kweli nilikuwa nasikiliza redio ya jirani, walikuwa wanasoma matokeo ya mpira. Mwishoni akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa yote.

Nikaingia nayo kazini kifua mbele. Chumba chetu cha ushonaji ni kimoja, mafundi wawili. Mimi nakaa karibu na ukuta. Karibu na dirisha, kwenye mwanga mzuri, anakaa Cheti. Tunamwita hivyo kwa sababu alisomea ushonaji chuoni na cheti chake amekitundika juu ya cherehani, ndani ya kioo, mahali ambapo mteja hawezi kupimwa kiuno bila kukisoma. Mimi nilijifunza kwa kuharibu suruali za baba. Katikati yetu ipo meza moja ya kukatia, na mlangoni hukaa Mama Vifungo, anayeuza vifungo, zipu na maoni yake.

Saa nne akaingia dada yangu mkubwa pamoja na binti yake, mpwa wangu, anayeolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Dada alikuwa amekumbatia kitu. Nilijua ni nini kabla hajasema: shela la marehemu mama. Mama aliolewa nalo, dada akaolewa nalo, sasa ni zamu ya mpwa. Lesi yake imechakaa ukingoni, inataka mkono wa fundi. Nikasimama. Nikajifuta mikono. Dada akanipita, akampa Cheti.

Akanipita! Mimi, kitinda mimba wa mama! Alisema kwa upole kwamba lesi ni kazi ya taratibu na mimi nina kazi nyingi. Sina kazi nyingi. Nina suruali kadhaa za mwezi wa Machi, basi. Nikawageuzia mgongo kwa heshima zote, nikautazama ukuta mpaka walipomaliza. Sikutaka hata kuona wanaliweka wapi.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata jibu la dharau. Nitashona koti.

Mjomba wa bibi harusi lazima aonekane. Tatizo ni mabega yangu, yameteremka kama ya chupa. Cheti ana mabega ya kuzaliwa nayo, hana hata haja ya pedi za koti, na anatembea kana kwamba aliyasomea pia. Pedi za dukani ni nyembamba. Nikaamua kutengeneza zangu. Sisi mafundi vipande vyetu huviweka kwenye foronya kuukuu chini ya meza. Nikapeleka mkono chini bila kutazama, kwa sababu macho yangu yalikuwa yanamchunguza Cheti akitia uzi kwenye sindano kwa jaribio moja, kitu kinachoniudhi sana. Nikaikuta foronya. Nikavuta kilichokuwemo, laini ajabu, nikakikunja kama kilivyo na kukishindilia ndani ya bega la kulia.

Foronya ikaisha hapo hapo. Bega la kushoto nikalijaza soksi zangu mbili. Foronya tupu nikafutia mafuta ya cherehani.

Nimelivaa koti. Mlango umekuwa mwembamba! Cheti kasema bega la kulia liko juu kidogo. Nikamwambia ndiyo mtindo, hakufundishwa chuoni. Mama Vifungo akauliza kama nimembeba mtu.

Jumatano, 5 Juni

Pasi ya shangazi ni mbovu.

Mkaa umewaka mwekundu, naona kwa macho yangu kupitia matundu. Akaja dereva mmoja kuulizia suruali yake ya Machi. Nikamwambia njoo kesho asubuhi, utaikuta imekunjwa. Papo hapo pasi ikapoa mkononi. Nikaipuliza, ikarudi. Akaja mwalimu. Nikamwambia yako nimeshaikata. Ikapoa tena. Akaja mama mwenye sketi ya shule. Nikamwambia kama si ugonjwa ningekuwa nimemaliza. Ikawa baridi kiasi kwamba Mama Vifungo aliomba kuiweka kwenye paji la uso, ana kipandauso.

Nikaenda kumgombeza muuza mkaa. Nikamwambia anauza mawe. Akaniuliza kwa nini wateja wake wengine hawalalamiki. Nikamwambia nitaleta jibu kesho.

Alhamisi, 6 Juni

Shela limepotea!

Cheti ndiye aliyegundua. Alipiga magoti chini ya meza, akapapasa, akatoka na uso wa mtu aliyefiwa. Anasema alikuwa amelitia ndani ya foronya nyeupe na kulificha pale, ili jua la dirishani lisiiunguze lesi. Foronya! Mtu mwenye cheti! Mimi vipande vyangu naviweka kwenye foronya, ni kweli, lakini vile ni vipande. Nikainama kuchungulia. Ipo foronya moja tu, yangu, imejaa pomoni. Nilidhani niliimaliza juzi. Baraka za mama, nikajisemea.

Kwanza, niandike ukweli wa moyo: nilifurahi. Kidogo tu. Cheti amepoteza kitu! Nikaanza kuipanga hotuba yangu.

Kisha dada akaja. Cheti hakujificha, alimweleza yeye mwenyewe, akiwa amesimama. Dada hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda cha Mama Vifungo, akashika magoti yake.

"Ndicho kitu pekee kilichobaki chenye harufu yake," alisema.

Hotuba ikanitoka kichwani. Mama alipofariki tuligawana vitu. Mimi nilichukua cherehani, dada akachukua shela, na cherehani haina harufu ila ya mafuta. Nikamwahidi dada mbele ya wote kwamba mwizi nitampata kabla ya harusi. Nilikuwa nimevaa koti langu ili lizoee mwili. Nikamtupia Cheti jicho, nikalirekebisha koti begani, nikasema kwa sauti ya chini kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda kwa shangazi kumrudishia pasi yake. Akaniuliza kama Jumatatu nilimsikiliza. Nikasema neno kwa neno. Alicheka mpaka akakohoa, binti yake akamletea maji.

Akaanza upya, na safari hii redio ya jirani ilikuwa imezimwa. Pasi ile haivumilii uongo. Neno lisilo kweli likisemwa karibu yake inapoa, hata mkaa uwe mwekundu vipi. Ikisikia kweli inashika moto. Na haiulizi kama msemaji amekusudia au amekosea. Yenyewe inajua lililo kweli na lisilo kweli, basi. Wachumba wa binti zake wote walinyooshewa mashati pale pale sebuleni huku wakiulizwa maswali ya kawaida. Ndoa zote zimedumu, isipokuwa ya yule aliyekuja amevaa fulana.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akanitazama kwa muda mrefu.

Basi, nimerudi nyumbani mbio na pasi yangu. Mpelelezi gani duniani ana chombo kama hiki? Nitamnyooshea kila mtuhumiwa nguo yake huku nikimhoji. Ataanguka mwenyewe. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nina upara, lakini leo nimejisikia mwenye nywele nyingi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeanza na Cheti. Nikamwambia nataka kumnyooshea shati, bure, kwa upendo. Alishtuka. Tangu tufahamiane sijawahi kumwazima hata pini. Lakini amekonda siku hizi mbili, hakuwa na nguvu ya kukataa.

Nikapitisha pasi kwenye kola, nikamuuliza kama ameliiba shela. Hapana, alisema. Pasi ya moto. Je, anajua lilipo? Hajui, na tangu Alhamisi halali. Pasi ya moto zaidi. Je, ana adui anayeweza kumtilia fitina? Alifikiri, akasema hana. Hapo pasi ikapoa kidogo, sijui kwa nini. Kwa kuwa nilikuwa nimeishiwa maswali nikamuuliza analionaje koti langu. Akasema ni zuri sana. Ikawa barafu! Pasi ina kasoro zake.

Shati la Cheti limenyooka hadi linakata. Sijawahi kumnyooshea mteja yeyote nguo namna hiyo. Nimemhudumia adui.

Nikahamia kwa Mama Vifungo na kitambaa chake cha kichwa. Akasema hajafika miaka hamsini. Baridi. Akasema vifungo vyake vya bluu havichuji rangi. Baridi. Nikasema leo nimempata, nikamuuliza kama amelichukua shela la mama yangu. Akasema Mungu amlaani kama amelitia hata kidole, na machozi yakamlengalenga. Pasi ikafuka mvuke.

Jumatatu, 10 Juni

Mpwa alikuja kujaribu gauni. Nilimhoji naye, kwa sababu mpelelezi hana ndugu. Nilikuwa nanyoosha mkanda wa gauni lake. Akaniona nimekunja uso, akadhani nina huzuni, akanishika kiwiko.

"Mjomba, usijitese," alisema. "Sijali sana. Lile ni kitambaa tu."

Pasi ikapoa mkononi mwangu. Ikapoa mpaka ndani ya mpini. Akatabasamu na kuendelea kuongea kuhusu maua, na mimi nikaendelea kusogeza kile chuma baridi juu ya mkanda, kwenda na kurudi, kwa sababu sikujua la kufanya. Alipoondoka sikula mchana.

Jioni, kwa ukamilifu wa uchunguzi, nikajihoji na mimi mwenyewe. Watuhumiwa wengine wameisha. Nikasimama mbele ya pasi, nikasema kwa sauti: mimi sijaligusa shela la mama. Ikapoa. Labda haikusikia. Nikarudia polepole, neno moja moja. Ikapoa zaidi. Nikaongeza mkaa, nikapuliza mpaka nikaona nyota, nikasema kwa ufupi: si mimi. Jogoo wa shaba akapata ukungu!

Nimefikia uamuzi. Pasi imechoka. Imehoji watu wengi mno kwa muda mfupi.

Jumatano, 12 Juni

Sina mwizi na harusi ni Jumamosi. Sasa mbinu kubwa. Kama shela la zamani halipatikani, litatengenezwa!

Nimechukua chandarua changu cha zamani, nikakikata vizuri, nikakichovya kwenye chai ya rangi kipate umri. Kikapata umri barabara. Kasoro ndogo: chai ilikuwa na sukari, na nilikianika chini ya mti. Sisimizi walikipenda. Nikawapangusa mmoja mmoja.

Nikakipeleka kwa dada, nimekikunja vizuri ndani ya karatasi. Nikamweleza jinsi nilivyomkimbiza mwizi, jinsi alivyoruka ukuta, jinsi nilivyoruka na mimi. Dada alikipokea kwa mikono miwili. Akafumba macho, akakipeleka puani.

Akafumbua macho. Akaokota sisimizi kutoka kwenye pindo, akamweka chini. Akageuza upande wa pili, akakuta kitanzi cha kutundikia msumarini, nilisahau kukikata. Akaniuliza, bila hasira, kama nilidhani hamjui mama yake.

Afadhali angenifukuza. Alinipa maji kwenye glasi ya wageni, akanisindikiza mpaka mlangoni, akanishukuru kwa kuja. Mimi! Nyumba ambayo huwa naingia kupitia jikoni na kufunua masufuria! Nimetembea mpaka kwangu nikihesabu ujinga wangu na sijaufikia mwisho.

Ijumaa, 14 Juni

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Leo sikusema neno tangu asubuhi. Dada hanitaki, Cheti hana hamu ya kusalimiwa, Mama Vifungo kaenda kununua zipu. Hakuna mteja aliyekuja, kwa hiyo hakuna aliyeahidiwa kitu. Kimya kitupu. Adhuhuri nikawasha pasi ninyooshe koti langu la kesho, ingawa sikuwa na hakika kama ninatakiwa huko. Nikaiweka kwenye bega la kulia kama ninavyoweka siku zote, nikaiacha ipumzike nifute jasho.

Moshi! Sikujua pasi ile inaweza kuwa ya moto kiasi hicho. Haijawahi kukaa na mimi nusu siku bila kusikia uongo. Nikainyanyua, nikakuta umbo lake limechorwa begani, kitambaa cha juu kimeungua hadi kikapasuka. Nikachukua mkasi nikaifungua bitana haraka nione hasara.

Ikatokea lesi.

Maua madogo meupe, moja kando ya jingine. Ninayajua. Nilipokuwa mdogo mama alinifunulia sanduku lake la mbao na kuniruhusu nipitishe kidole juu yake, kidole kimoja, kilichonawa. Nikalivuta polepole. Likatoka lote, zima, moto haukulifikia, ila limekunjamana kama limetafunwa. Na ile harufu ya sanduku ikajaa chumbani.

Nikakaa sakafuni. Nililia, sioni aibu kuandika, nililia kwa sauti. Wiki nzima nimetembea nimembeba mama begani huku nikimtafuta mwizi wake. Foronya niliyofutia mafuta! Foronya yangu iliyojaa kwa baraka! Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimelishonea koti.

Nilipomaliza kulia nikaanza kufikiri, na hapo ndipo mambo yangu huharibika. Nikisema kweli, dada atajua kwamba alikuwa sahihi kunipita. Mtu wa kulaumiwa yupo tayari: Cheti. Nikafungua mtoto wa meza yake ili nilitie humo, lipatikane humo, yaishe.

Mle ndani mlikuwa na lesi. Vipande vingi, vipya, vimefumwa kwa mkono na kufumuliwa na kufumwa tena. Cheti amekuwa akijaribu kuyafuma maua ya mama kwa kukumbuka. Amekosea idadi ya majani kila mara. Nikafunga.

Basi hatalaumiwa Cheti. Nimebuni mtu mrefu mwenye kovu aliyelitupa juu ya paa letu. Hadithi safi, haina mwanya.

Jumamosi, 15 Juni

Harusi.

Asubuhi umeme ulikatika mtaa mzima. Wote walikuwa chumbani kwetu: dada, mpwa ndani ya gauni, Cheti na sindano mdomoni, Mama Vifungo mlangoni. Nikaingia, nikalitoa shela kutoka ndani ya shati langu. Kelele za furaha! Mpwa alilishika, akalia, akacheka, akalia. Dada alilinusa na akakaa chini kwa nguvu. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu mkubwa.

Lakini shela lilikuwa na mikunjo kama uso wa bibi kizee, na gari linasubiri. Pasi ya Cheti ni ya umeme. Ikabaki yangu. Nikailaza lesi juu ya meza, nikatandika kitambaa chenye unyevu juu yake, nikaanza kunyoosha. Wakaniuliza limepatikana wapi. Nikaanza na yule mtu mrefu.

Pasi ikapoa. Nikasukuma. Nikaongeza kovu, nikaongeza paa, nikaongeza mvua. Shela halikunyooka hata kidogo. Mpwa alikuwa anaitazama saa ya ukutani. Dada akasimama, akalowesha kidole kwa ulimi, akakigusisha kwenye chuma. Chuma hakikulia, kilikuwa baridi. Tofauti na mimi, dada utotoni alikuwa anamsikiliza shangazi.

"Endelea kunyoosha," aliniambia. "Na useme."

Nikatazama mlango. Mama Vifungo alikuwa ameuziba.

Nikasema hakuna mwizi. Pasi ikapata uvuguvugu. Nikasema nililichukua mimi, kwa mikono yangu, bila kutazama. Ikapata joto, na sehemu ya kwanza ya lesi ikalala. Nikasema lilikuwa ndani ya bega la koti langu. Cheti akatoa sindano mdomoni. Nikasema ya foronya, ya soksi, ya mabega ya chupa. Nikasema nilifurahi Cheti alipopata aibu. Nikasema jana nilifungua mtoto wa meza yake na nia mbaya. Kila nikitaja jambo, sehemu nyingine ya shela inanyooka, na mvuke unanipanda usoni, na huo ndio uliokuwa unanitoa machozi, mvuke. Nilipoandika hapa mvuke nilikumbuka kwamba pasi haipo karibu.

Ikabaki pembe moja iliyokataa. Nilikuwa nimeishiwa dhambi. Dada akangoja.

"Uliponipita," nikasema, "niliumia. Nilitaka na mimi nimfanyie mama kitu."

Ikafoka kama maji yaliyomwagwa juu ya mawe ya moto. Pembe ikanyooka.

Dada alisogea mezani. Kisha akaweka mkono wake juu ya mpini, karibu na wangu, akasema hakunipita kwa sababu mkono wangu ni mbaya. Alinipita kwa sababu alijua nitamwambia aje kesho, na kesho yake tena, mpaka mpwa azeeke. Pasi ilibaki ya moto, kwa bahati mbaya. Akasema huna akili wewe, mdogo wangu. Ya moto. Akasema lakini sina ndugu mwingine ninayemtaka. Ilikuwa ya moto hadi tukaachia mpini wote wawili.

Cheti hakunigombeza. Alichukua koti langu lililoungua, akakaa kwenye cherehani yake, na kabla mpwa hajafungwa shela alikuwa amelishona bega na kutoa soksi zangu, alizonirudishia akiwa amezishika kwa pini. Nimeingia harusini na mabega yangu ya chupa. Mpwa alikuwa mzuri, siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Baada ya chakula dada alinivuta pembeni. Binti yake mdogo naye atakuwa tayari kuolewa baada ya miaka michache. Alinikunjia shela mkononi, akaifunga mikono yangu juu yake.

"Mpaka siku hiyo litunze wewe," alisema.

Nililia tena, na safari hii hapakuwa na mvuke.

Jumanne, 18 Juni

Mimi ni mtu mpya. Shela nililitandika sandukuni Jumapili nzima, nikawa nafungua kulitazama na kufunga. Jumatatu pia. Kidole kimoja, kilichonawa.

Leo asubuhi akaja mama mmoja mwenye gari, binti yake anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Habari za shela zimemfikia, Mama Vifungo hachoki. Alisimama kwenye mlango, akamtazama Cheti, akatazama cheti. Kisha akanigeukia mimi! Anataka nguo za wasimamizi wote zishonwe nami, wote, mradi tu binti yake apate kulivaa lile shela maarufu siku hiyo moja. Cheti alikuwa anasikiliza, niliona shingo yake imesimama. Ningefanya nini? Shela la mama limezoea harusi, halitapata shida. Mama yule anaonekana mwaminifu sana, ana miwani. Nimempa ndani ya foronya safi.

Jioni dada akapita ghafla, akaniuliza kwa furaha shela letu linaendeleaje. Pasi ilikuwa inawaka mezani, hatua moja kutoka kwetu. Zamani ningejibu pale pale, kwa pupa. Sasa nina busara. Nikamshika mkono kwa upendo, nikamtoa nje, nikamvusha barabara mpaka mbele ya duka la viatu, ndipo nikamwambia limelala sandukuni. Alinikumbatia. Wanaosema sijifunzi kitu waje waone.